Sauti Thelathini na Saba za Fundi Pakize

"Nileteeni mlango wowote wa Üsküdar," alisema Fundi Pakize mbele ya watu wasiopungua mia mbili, "niufungue mara moja tu, nami nitawaambia umelia sauti gani, kwa jina lake, na jina la jirani yake wa juu, na la jirani yake wa chini."

Hiyo ilikuwa Jumapili mchana katika ukumbi wa manispaa yetu ya Üsküdar, miaka mitatu iliyopita, chai ya bure. Mhadhiri mmoja wa chuo cha muziki alikuwa ametundika chati ndefu kama shuka, akatutangazia kwamba hizo ndizo sauti zote ishirini na nne za muziki wetu, kila moja na jina lake. Fundi Pakize akanyoosha mkono kama mtoto wa shule anayeomba kwenda chooni.

"Mwalimu, umeziacha kumi na tatu nje."

"Zipi hizo, mama?"

"Nikuandikie wapi? Ukuta hautoshi."

Ndipo akaja na hilo la milango. Mlinzi wa ukumbi, mzee anayependa masihara, akaenda kuusukuma mlango wa nyuma. Ukalia. Fundi Pakize hata shingo hakugeuza.

"Hisar," akasema. "Iko chini kwa nusu koma. Utieni mafuta."

Mhadhiri alikuwa na kipimo ndani ya simu yake. Akakiangalia, kisha akairudisha simu mfukoni polepole. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na kofi la kwanza lilikuwa langu, jambo ambalo halikunisaidia, kwa kuwa mwaka ule nilikuwa bado mwanafunzi wa mhadhiri huyo.

Kwa asiyejua: hatua moja nzima ya sauti, watu wengine huikata katikati wakaridhika. Sisi tunaikata vipande tisa, kila kipande kinaitwa koma, na vile tunavyovitumia tumevipa majina kama watoto wa nyumba. Wengine wamepata majina mawili. Wengine walizaliwa, wakakua, wakafanya kazi kila siku, na hakuna aliyekumbuka kuwaandikisha. Hao ndio Fundi Pakize aliokuwa akiwatetea.

Yeye hakuwa mpigaji. Kazi yake ilikuwa mandali. Kanuni, kile kinanda kipana cha nyuzi sabini na tano kinacholala mapajani, hakina shingo ya kutelezesha kidole ukatafuta koma yako. Kwa hiyo upande wa kushoto, chini ya nyuzi, hupigiliwa vibati vidogo vya shaba. Ukiinua kimoja, uzi unafupika kwa unywele na sauti inapanda. Vibati hivyo ndivyo mandali, na kanuni moja hula mamia. Kila kimoja lazima kikae mahali pake hasa, maana kikikosea hakuna kidole kitakachokiokoa.

Mafundi wengi siku hizi hupigilia kwa kipimo cha umeme. Fundi Pakize alipigilia kwa sikio, kama alivyofundishwa na baba yake, katika duka lile lile la uchochoroni lenye upana wa kitanda. Baba alimwachia nyundo ndogo, koleo, na Segâh tano. Kitabu kinasema Segâh ni sauti moja. Yeye alikuwa na ya Msikiti, ya Harusi, ya Kupanda, ya Kushuka, na ya tano aliyoiita Segâh ya Mjane. Hiyo ilikaa chini kuliko zote. Alisema ukiisogeza unywele juu inakuwa unafiki, na ukiisogeza unywele chini inakuwa kilio cha mtu aliyebanwa mlangoni. Niliwahi kumwomba anipe namba yake kwenye kipimo.

"Namba?" akaniuliza. "Mama yako unamwita kwa namba?"

Mwaka wangu wa tatu chuoni, mtihani wa nadharia uliuliza: Taja Segâh na mahali pake. Nikazitaja tano. Mhadhiri wa milango akanipa sifuri. Nikaandika barua ya rufaa yenye maneno mawili ambayo siwezi kuyarudia hapa, na masomo yangu yakaishia hapo. Nikaanza kupiga kwenye kumbi za harusi. Tangu siku hiyo Fundi Pakize hakuniita tena kwa jina langu.

"Karibu, Nusu Diploma. Ile nusu nyingine wameipangisha?"

"Wameiweka makumbusho, Fundi."

"Basi kaa, unywe chai nzima."

Mwezi wa pili mwaka huu alishikwa na mafua yaliyomlaza wiki mbili. Sikio la kulia lilimuuma, akalitia mafuta ya zeituni yenye vuguvugu, akafunga kitambaa kichwani, akapona. Akarudi dukani. Na mji mzima ukaanza kupanda.

Wa kwanza kupanda alikuwa Dursun, muuza simiti, ile mikate ya duara yenye ufuta. Dursun amepita uchochoro ule miaka kumi na tisa na sinia kichwani, akinadi kwa sauti ile ile.

"Dursun! Mbona umepanda?"

"Dada Pakize, unga umepanda, ufuta umepanda, kodi ya nyumba imepanda. Mimi nibaki chini peke yangu?"

"Sisemi bei, we kichwa maji. Nasema sauti. Siku zote unaita kwa Neva. Leo unanadi karibu na Hisar."

"Nikishuka utanunua mbili?"

Baada ya Dursun ilipanda kengele ya shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara. Fundi Pakize alivumilia siku tatu. Siku ya nne akavaa koti lake la kwendea misibani, akaingia kwa mwalimu mkuu kumtaka aeleze ni nani ameibadilisha kengele bila kuuarifu mtaa. Mwalimu mkuu akamwambia, "Mama, kengele hii tuliikuta na jengo. Hata namna ya kuizima hatuijui." Akarudi dukani akiwa mwekundu.

"Wanakana," akaniambia. "Taasisi nzima, inakana."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Wiki ile niliisimulia hadithi hiyo kwenye kumbi tatu, nikiigiza sauti yake na namna alivyofunga vifungo vya koti. Watu walishika mbavu. Mimi niliyesoma nadharia ya sauti miaka mitatu kasoro, sikujiuliza hata mara moja kwa nini mji wote upande kwa mtu mmoja tu.

Mwezi wa tatu nikampelekea kanuni yangu. Ubao unaobeba mandali ulikuwa umeliwa na misumari ya miaka mingi, akaung'oa, akaweka mpya, akapigilia mandali zote upya kwa wiki nzima. Nikamlipa, nikambusu mkono na kuugusisha kipajini pangu, nikamwambia maneno tunayowaambia mafundi wote: mikono yako iwe na afya. Mikono ilikuwa na afya tele.

Jumamosi nikapiga harusini Ümraniye, nyuma ya mwimbaji Cavidan, mwanamke ambaye akikukasirikia hutabasamu zaidi. Katikati ya wimbo wa pili akaniinamia, meno yote nje.

"We binti, unanivuta shimoni. Mimi niko Segâh. Wewe uko wapi?"

"Niko Segâh, dada."

"Ya nani?"

Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi nikaipima kanuni uzi kwa uzi. Chini, safi. Juu kabisa, safi. Katikati, pale ambapo mwimbaji anaishi, kila kitu kilikuwa kimeshuka koma moja na nusu. Sauti za katikati sikio la Fundi Pakize lilikuwa likizipandisha, naye alikuwa akizishusha kwa nyundo mpaka zimtulie. Nilipima tena. Nikahamisha kabati, labda ukuta unaniongopea, nikapima mara ya tatu. Ndipo nikamkumbuka Dursun na sinia lake, na kengele, na koti la misibani, na kicheko changu.

Ilibidi aambiwe. Lakini kwetu fundi haambiwi. Mtu aliyepigilia mandali za walimu wa walimu wako, utasimama mbele yake umwambie sikio lako limeoza? Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Nikaenda. Akanitazama kwa juu ya miwani.

"Sema. Uso wako umekaa kama wa mtu aliyekanyaga paka."

"Nimekuja kukusalimia tu, Fundi."

Nikanywa chai tatu, nikaondoka. Nikapanda feri, nikavuka mlango wa bahari, nikaipeleka kanuni kwa Tuncer.

Tuncer ni fundi mandali wa upande wa pili, mtu wa makamo, mpole, anayefanya kazi kwa kipimo kilichobanwa kwenye kanuni kama klipu ya nguo. Fundi Pakize alimwita Mzee Betri. Nilipofungua mkoba wangu, hakuuliza kitu. Alinionyesha ukutani. Kanuni tano zilining'inia pale, zote kazi ya Fundi Pakize, misumari yake ya vichwa vidogo inajulikana mji mzima.

"Wewe wa sita," akasema.

"Nani amemwambia?"

"Hakuna."

"Mwambie wewe basi, mjomba. Ni fundi mwenzako."

"Mimi? Mimi Mzee Betri? Atasema wivu. Na atakuwa na haki ya kusema hivyo." Akaanza kuchomoa msumari wa kwanza. "Nitazisogeza mahali pake, tundu la zamani nitalijaza nta na unga wa mbao. Hataona."

Hivyo ndivyo tulivyokubaliana, bila kikao. Mtu alichukua kanuni kutoka kwa Fundi Pakize, akambusu mkono, akamwombea afya ya mikono, akashuka moja kwa moja gatini. Na kwa kuwa kila mmoja wetu aliogopa kazi isije ikapungua akahisi kitu, tulimzidishia. Wapigaji waliokuwa hawajamwona miaka kumi walifukua kanuni za zamani alizozipigilia zama za baba yake na kumpelekea azifanye upya. Akawa na foleni. Alikuwa na furaha kiangazi kile kuliko nilivyowahi kumwona. Aliagiza mbao mpya, akang'oa zile kuukuu zote, akazitupa jikoni kuwashia moto.

Wazo la kuhifadhi hata ubao mmoja halikumjia yeyote. Tulikuwa na kazi nyingi ya kuwa wema.

Mwezi wa kumi nilikuwa nikipiga kwenye bustani ya chai karibu na soko, mchana, watu kumi na wawili na paka. Fundi Pakize akapita na mfuko wa vitunguu. Akasimama. Akauweka mfuko chini.

"Kanuni yako imeharibika," akaniambia mbele ya wote. "Katikati imepanda. Nani ameigusa?"

"Labda hewa, Fundi. Unyevu."

"Unyevu haupigilii misumari. Niletee kesho asubuhi."

Ningeweza kusema imeibiwa. Ningeweza kusafiri. Asubuhi nilikuwa mlangoni kwake na mkoba mgongoni, kama kondoo aliyejileta machinjoni akiwa na kitambulisho.

Akailaza mezani, akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akachomoa mandali ya kwanza ya katikati kwa koleo. Akatazama chini yake. Akachomoa ya pili. Ya tatu. Akachukua sindano, akaichokonoa nta, ikatoka kijidonge kidogo kama nta ya sikio, na chini yake tundu lake mwenyewe, jembamba, zuri, limekaa unywele mmoja pembeni mwa tundu jipya.

"Nta hii si yangu," akasema. "Nani?"

"Tuncer."

"Alikosea?"

Nikainamisha kichwa.

"Nusu Diploma, nimekuuliza swali la mtihani. Mzee Betri alikosea?"

"Hapana, Fundi."

Dursun alikuwa akipita nje. Tulimsikiliza mpaka akaisha mwisho wa uchochoro. Fundi Pakize akaziba sikio lake la kulia kwa kiganja, akakwanyua uzi.

"Segâh," akasema.

Akaziba la kushoto, akakwanyua uzi ule ule. Akakwanyua tena.

"Huku ni mtu mwingine," akasema. "Huku ni Bûselik, jirani wa juu, amevaa nguo za Segâh." Akanitazama. "Moja linadanganya. Lipi?"

"La kulia."

"Tangu mafua?"

"Tangu mafua."

"Wangapi wanajua?"

Nilianza kuhesabu vidoleni, nikaona aibu, nikaificha mikono. Naye alikuwa ameshahesabu. Aliitazama foleni yake ya kanuni ukutani, moja baada ya nyingine, furaha yake yote ya kiangazi.

"Dursun naye anajua?"

"Hapana, Fundi. Dursun hajui kitu."

"Afadhali. Huyo nilimtukana kwa moyo safi." Akaipangusa sindano. "Na shuleni nilikwenda."

"Ulikwenda."

"Na koti."

"Na koti, Fundi."

Nilimpeleka kwa daktari wa masikio. Wakamfungia ndani ya kijumba cha kioo, wakamvika visikizi, wakamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Hakubonyeza. Alitaja.

"Neva. Hiyo nyingine Acem, chafu kidogo. Mashine yenu inahitaji fundi."

"Mama, ndiyo au hapana tu," akasema binti wa kwenye mashine.

"Ndiyo au hapana ni majina ya nini?"

Walipohamia sikio la kulia, akaanza kutaja, akasita katikati, akashika kitufe na kubonyeza kama walivyomwambia. Mimi nilikuwa nje ya kioo. Sijawahi kumwona akitii haraka hivyo. Daktari, kijana mstaarabu, akasema mishipa inayobeba sauti za katikati imeumia, dawa ilipaswa kutolewa siku zile zile za mwanzo, sasa huenda ubongo ukazoea na huenda usizoee. Fundi Pakize akamuuliza itachukua muda gani kujua. Akasema, hilo hakuna anayejua.

Akajaribu kufanya kazi na sikio moja. Akaliziba la kulia kwa pamba, pamba na nta, pamba na nta na kitambaa. Haikufaa. Kanuni hulala mapajani na fundi huiegemea. Sauti inapanda kwa mifupa na kuingia kwa mlango wa nyuma. Kila uzi ulimjia kama watu wawili wanaoongea kwa pamoja, na mmoja wao mwongo.

Siku ya mwisho niliyomkuta akijaribu, alikuwa na ubao mpya mtupu na mandali moja.

"Njoo," akasema. "Zile nne nyingine utazikuta kwa watu, Cavidan anaziimba hata kama hajui majina yake. Lakini ya Mjane nilikuwa naitia mimi tu. Sikiliza." Akaishikilia mandali chini ya uzi kwa ncha ya koleo, akakwanyua. "Hapa?"

Nilisikiliza kwa masikio yangu mawili mazima, ya miaka ishirini na minne.

"Sijui, Fundi."

Akaisogeza. "Hapa?"

"Sijui."

"Umeipiga miaka minne!"

"Nilikuwa nainua mandali tu. Ilikuwa pale. Sikuwahi kuitafuta."

Akaisogeza tena, akanitazama midomoni kama kiziwi, akingoja. Mimi niliyepata sifuri kwa ajili ya jina lile, nikalitetea kwa barua na matusi, sikujua linakaa wapi. Nikafikiria zile kanuni za zamani, zilizokuwa na sauti hiyo kila moja tangu zama za baba yake, ambazo tulizileta wenyewe zing'olewe mbao, kwa heshima, kisha tukazivusha kwa feri zikanyooshwe kwa klipu. Majira ya baridi yalikuwa yamefika. Jiko lake lilikuwa linawaka vizuri.

"Jina ninalo," akasema, akaiweka mandali ndani ya kikopo. "Nyumba yake siioni."

Kisha akasema, bila kunitazama, nivuke niende kwa Tuncer nikamnunulie kipimo kama chake, maana foleni ipo na watu wanangoja vyombo vyao.

Tuncer aliponiona bila mkoba wa kanuni, alielewa. Alikitoa kipimo kwenye sanduku, akakijaribu, akaniwekea mezani.

"Mjomba," nikamuuliza, "hiki kinayo Segâh ya Mjane?"

"Kina namba," akasema. "Niambie ni namba gani, nitakuonyesha inapokaa."

Akanisubiri kwa adabu, kalamu mkononi.

"Kinauzwa kiasi gani?" nikamuuliza.

Lira mia nne na ishirini.